Plesion: Neno la Jirani, na Mzee wa Mlango wa Mwisho

Salamu kutoka hapa Jericho, ambako mvua imetupiga tangu jana na kile kijia cha kwenda sokoni kimegeuka matope matupu.

Somo la leo ni refu kuliko kawaida. Kama uko kwenye matatu, lihifadhi usome ukifika nyumbani. Nimeamua kuliandika hapa badala ya kujibu kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sababu tangu Alhamisi kundi limewaka moto, na kuna ujumbe mwingine ulitumwa saa saba za usiku ambao naamini mwenyewe alipoamka aliusoma tena polepole.

Dada mmoja wa kamati aliuliza swali moja tu: "Pasta, kwani jirani ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Tuelewane hapo kwanza. Huyu ni dada anayeshika daftari la mfuko wetu wa kusaidiana, na mtu anayeshika daftari lazima ajue mpaka uko wapi. Kanuni yetu mnaijua. Mshirika anatoa shilingi 200 kila mwezi, na akifiwa au akilazwa, yeye au mwenzi wake au mtoto au mzazi, mfuko unasimama naye. Kanuni hiyo tuliipigia kura, na imewazika watu wetu kwa heshima.

Sasa kuna Mzee wa mlango wa mwisho. Sitamtaja jina, ingawa ninyi wa hapa mnamjua. Amekaa kwenye nyumba ile ya kanjo tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mkewe alishafariki, mwanawe hawasemezani, binti yake yuko Qatar na hutuma pesa akipata. Mwezi wa nane alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na hospitali imemruhusu arudi nyumbani, yaani arudi kwenye chumba kimoja ambamo hakuna mtu. Na yeye si mshirika wetu. Zaidi ya hapo, ni yeye aliyeandika barua kuhusu spika zetu za kesha. Kanuni za serikali kuhusu kelele ziko tangu 2009, tukapunguza sauti, tukafunga madirisha ya upande wake, na kwa upande wa ofisi jambo likaisha. Kwa upande wa mioyo, nikisoma yale mliyoandika kwenye kundi, naona halikuisha.

Ndipo likaja swali: jirani ni nani?

Mpendwa, swali hili lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Fungua Luka sura ya 10, kuanzia mstari wa 25. Mwanasheria mmoja, mtu wa Torati, anasimama kumjaribu Yesu. Anaulizwa Torati inasemaje, naye anajibu vizuri kabisa: kumpenda Mungu kwa yote uliyo nayo, na kumpenda jirani kama unavyojipenda. Yesu anamwambia amejibu sawasawa. Mambo yangeishia hapo. Lakini Luka anatuambia kwamba yule bwana alitaka kujihesabia haki, basi akaongeza swali la pili, na swali lenyewe ni lile la dada yetu.

Watu humcheka mwanasheria huyu. Mimi simcheki. Alikuwa na sababu. Amri aliyoitaja inatoka Mambo ya Walawi 19:18, na ukiusoma mstari wote utaona kwamba nusu yake ya kwanza inakataza kisasi na kinyongo juu ya wana wa watu wako. Mtu anaweza kuusoma hivi: jirani ni mwenzangu wa taifa langu, mwana wa Israeli, basi. Neno la Kiebrania pale ni rea, nalo ni mwenzako, rafiki yako, mtu mnayehusiana naye. Kwa hivyo mwanasheria anataka kujua mpaka. Anashika daftari. Nani yumo, nani hayumo? (Ukishuka hadi mstari wa 34 wa sura hiyohiyo utakuta mgeni anayekaa kwenu naye apendwe kama mnavyojipenda. Nadhani mwanasheria aliujua mstari huo. Kuna mistari tunayoijua na hatupendi kuinukuu.)

Sasa twende kwenye neno lenyewe. Nina jambo la kusema kwanza kuhusu Kigiriki na wahubiri. Siku hizi kila mtu ana programu ya Biblia kwenye simu, anabonyeza neno, anapata maana tano, anachagua ile inayomfaa, kisha anapanda madhabahuni na kusema "katika lugha ya asili". Kigiriki si hirizi. Mama aliyesoma Biblia ya Kiswahili kwa miaka arobaini akiwa amepiga magoti anajua kumpenda jirani kuliko profesa asiyemsalimia mlinzi wake. Lakini kuna mahali pachache ambapo neno la asili linafungua dirisha ambalo tafsiri imelifunga bila kukusudia. Hapa ni mojawapo.

Tuanze na neno letu, jirani. Limetoka Kiarabu. Kwa Kiarabu mtu mmoja wa nyumba ya pili ni jar, na wakiwa wengi ni jiran. Waswahili tukachukua ule wingi tukaufanya mmoja, tukasema jirani, kisha tukatengeneza wingi wetu, majirani. Napenda sana kwamba kwa asili ya neno letu hakuna jirani mmoja peke yake. Lakini ukimuuliza mtoto yeyote wa Jericho jirani ni nani, atakuonyesha ukuta. Jirani ni yule ambaye redio yake unaisikia, ambaye akikaanga samaki nyumba yako yote inajua. Neno letu limeshikamana na makao.

Wagiriki walikuwa na neno kama hilo. Ni geiton. Baadhi ya wataalamu wa maneno wanalihusisha na ge, yaani ardhi: watu wa ardhi moja. Katika Agano Jipya linatokea mara nne. Luka 14:12, pale Yesu anaposema ukiandaa karamu usialike majirani matajiri tu, watakaokualika nawe. Luka 15:6, mchungaji amempata kondoo wake, anaita rafiki na majirani. Luka 15:9, mwanamke amepata shilingi yake, anaita wenzake wa karibu. Na Yohana 9:8, majirani wa yule aliyezaliwa kipofu wanaulizana kama ni yeye. Wote hao ni watu wa mtaa. Liko na jingine, perioikos, wale wa nyumba za kuzunguka. Hao ndio waliokuja kufurahi na Elisabeti alipojifungua, Luka 1:58.

Kwa hivyo Luka alikuwa na maneno mawili mazuri kabisa ya jirani wa ukuta, na yote mawili ameyatumia kwenye Injili yake. Alipofika kwenye amri kuu na swali la mwanasheria, hakutumia hata moja.

Alitumia plesion. Tamka ple-SI-on.

Na sikiliza, mpendwa, maana hapa ndipo nilipokaa usiku kucha. Kwa asili plesion si jina la mtu. Ni neno la kueleza mahali. Maana yake ni "karibu". Ukitaka kuona likifanya kazi yake ya kawaida, nenda Yohana 4:5. Yesu anafika mji unaoitwa Sikari, na Yohana anasema mji huo ulikuwa karibu na kile kiwanja ambacho Yakobo alimpa Yusufu mwanawe. Hilo "karibu" ndilo plesion. Ni mahali pekee katika Agano Jipya ambapo linatumika kupima umbali tu. Na mji huo uko wapi? Samaria. Sitajenga fundisho juu ya hilo, lakini nilitabasamu.

Kwingine kote, kwa sehemu kubwa, Kigiriki huweka kiambishi kidogo mbele ya neno hilo, ho plesion, nalo linakuwa "yule wa karibu". Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki kule Misri, miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Kristo, walipofika Walawi 19:18 walichagua neno hili. Katika maandishi ya Kigiriki ya Agano Jipya yanayotumiwa zaidi na wataalamu leo linatokea mara 17, na zaidi ya nusu ya hizo ni amri hiyohiyo ya Walawi ikirudiwa: Mathayo, Marko, Luka, Paulo kwa Warumi na kwa Wagalatia, Yakobo. Wakristo wa kwanza walilisikia sana.

Yule wa karibu. Sasa rudi kwenye Kiswahili chako mwenyewe. Mtu akija mlangoni anasema nini? Hodi. Wewe uliye ndani unajibu nini? Karibu! Sisi tumepewa neno moja linalopima umbali na kumkaribisha mgeni papo hapo. Soko liko karibu. Mzee, karibu ndani. Mgiriki hakuwa na bahati hiyo. Kwake plesion ni umbali tu, na kukaribisha kulihitaji neno jingine. Mimi nikisoma Luka 10 kwa sikio la Mswahili, nasikia mwanasheria akiuliza: ni nani karibu yangu? Na ninamsikia Yesu akijibu kama mtu aliyesimama mlangoni.

Maana angalia anavyojibu. Hampi maana ya neno. Anampa barabara.

Mtu mmoja alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Wapendwa wa nje ya Nairobi, niwaeleze kwa nini watu wa hapa hucheka kidogo mstari huo ukisomwa. Sisi tunakaa mtaa wa Jericho, na mtaa wa Jerusalem uko hapo tu. Kutoka Jerusalem kwenda Jericho kwetu ni dakika chache kwa miguu, na hushuki popote. Mababu wa jiji walipanga Eastlands wakatuwekea majina ya Biblia kando ya majina ya watu wetu. Ofafa Jericho ina jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa siku za Hali ya Hatari. Mbotela nayo ina jina la Tom Mbotela, aliyeuawa 1952. Na kila mhubiri mgeni akija hapa lazima atanie kuhusu kuta za Jericho kuanguka. Tangu kaunti ianze kutaja mpango wa kujenga upya mitaa ya zamani, utani huo haumchekeshi mtu.

Barabara ya kwenye Luka ni nyingine kabisa. Ni kama kilomita 27. Yerusalemu iko juu ya milima, karibu mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko chini ya usawa wa bahari, mita 250 hivi. Unashuka kilomita nzima ya kimo katikati ya miamba mikavu yenye mapango na kona. Ni mahali pa kuviziwa. Mtu akikuta mwili pale, swali la kwanza kichwani ni: waliomfanyia hivi bado wako hapa? Wewe unayepita kijia cha giza saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la kazini, ukakuta mtu amelala kando amepigwa ngeta, unalijua swali hilo. Na unajua la pili pia: nikimgusa, je, polisi wataniuliza nini? Tusiwe wepesi kuwahukumu waliopita.

Kuhani anakuja. Luka anasema naye alikuwa akishuka, kwa hivyo anatoka upande wa Yerusalemu, upande wa hekalu. Wengi wetu tumefundishwa kwamba aliogopa kunajisika kwa kugusa maiti akashindwa kuhudumu. Inawezekana, lakini ibada ilikuwa nyuma yake. Alikuwa anatoka kanisani, tungesema sisi. Na Luka anatumia neno ambalo halipo kwingine kokote katika Agano Jipya isipokuwa hapa, mara mbili, la kuhani na la Mlawi: antiparelthen. Alipita, lakini kwa upande wa pili. Alimwona, akahama upande. Umbali kati yake na yule mtu haukuwa wa bahati mbaya, aliutengeneza kwa miguu yake.

Halafu anakuja Msamaria. Huyu yuko mbali kwa kila kipimo: kabila, dini, mahali pa kuabudia, historia ya damu. Luka anasema alipomwona, matumbo yake yalisukwa. Ndivyo neno lenyewe linavyosema, limetoka kwenye matumbo na maini, na sisi tunaosema "imeniuma hadi kwenye maini" hatuhitaji kuelezwa. Akamwendea. Hatua hizo chache za kumwendea ndizo hadithi yote. Mafuta, divai, bandeji, punda, yote yalikuja baada ya kumwendea.

Ndipo Yesu anauliza swali lake katika mstari wa 36, na ulisome vizuri. Mwanasheria aliuliza jirani YANGU ni nani. Yesu anauliza: kati ya hawa watatu, unaona ni yupi amekuwa plesion wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Kitenzi pale ni gegonenai, kutoka kwenye neno la kuwa, la kutokea, la kugeuka kitu ambacho hukuwa. Nani AMEKUWA karibu? Asubuhi hakuwa karibu. Saa sita alikuwa karibu. Katikati ya asubuhi na saa sita alitembea.

Kwa hivyo ukiuliza "jirani yangu ni nani" unataka orodha. Ukiulizwa "umekuwa karibu na nani" unatakiwa kutaja jina la mtu na siku uliyokwenda. Na mwanasheria, maskini, alishindwa hata kulitamka neno Msamaria. Alijibu kwa kuzunguka, kwamba ni yule aliyemhurumia.

Tusijidanganye kwamba ukuta mmoja unatosha. Historia ya mitaa hii inakataa. Tarehe 24 Aprili 1954, katika ile operesheni ya wakoloni iliyoitwa Anvil, askari waliizingira Nairobi, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakawatenga watu kwa kabila, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Watu waliokaa ukuta mmoja walitenganishwa kwa kipande cha kitambulisho. Na hiyo ilikuwa kazi ya mkoloni. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 hapakuwa na mkoloni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini katika majuma machache, na mahali pengine aliyeonyesha mlango wa kuchomwa alikuwa geiton kamili, mtu wa ardhi moja, aliyejua mlango huo kwa sababu aliwahi kuingia kunywa chai. Na mahali pengine, ninyi wenyewe mnakumbuka, kuna mama aliyewaficha watoto wa kabila jingine chini ya kitanda chake na kuketi juu yake akimenya viazi. Kuta zilikuwa zilezile.

Sasa turudi kwa Mzee, maana sikuandika haya yote tufurahie Kigiriki.

Tangu arudi kutoka hospitali, mtu mmoja amekuwa akiingia kwake kila siku. Ni yule kijana wa mkokoteni wa maji. Mnamjua. Ni yule ambaye wengine wenu hushika mikoba vizuri akipita, na sitasema kwamba hamna sababu, maana yeye mwenyewe hasemi hivyo. Jumapili asubuhi huwa bado ananuka ya Jumamosi. Kijana huyo humgeuza Mzee mara mbili usiku ili mgongo usitoboke vidonda. Anamwosha. Anampikia uji, na maji hamlipishi. Nilipokwenda Ijumaa nilimkuta anamnyoa ndevu, na Mzee amefumba macho kama mtoto. Nikamuuliza kijana nani alimtuma. Akasema, "Hakuna, Pasta. Nilimletea maji nikakuta ameanguka. Sasa ningeenda wapi?"

Dada yangu mwenye daftari, hapo ndipo tulipo. Usiku ule ulipouliza, tayari kuna mtu alikuwa amekuwa plesion wa Mzee, na hakuwa mmoja wetu.

Kuhusu pesa, nitasema wazi ninavyoona, ili Jumapili tusipoteze muda. Mfuko usiguswe. Najua wengine mlitarajia nihubiri Msamaria mwema halafu niombe kamati ifungue sanduku. La. Ile ni pesa ya wajane na vibarua waliokatwa 200 zao kwa ahadi, na huwezi kuwa mkarimu kwa ahadi ya mtu mwingine. Kanuni ni kanuni. Angalia Msamaria alitoa wapi: dinari mbili, mshahara wa kibarua wa siku mbili, kutoka mfukoni mwake. Tutaweka kapu tofauti mlangoni, asiyetaka asitoe, na asitazamwe.

Jambo la pili, kwa ajili ya wale wenye hofu. Mama mmoja aliandika kwenye kundi, na aliandika kweli, kwamba shida za Jericho haziishi, ukimsaidia huyu kesho ni wale kumi, na wewe mwenyewe nyumbani hujalipa fizi. Mama, nimekusikia. Soma mstari wa 35. Siku ya pili yule Msamaria aliendelea na safari yake! Hakuhamia pale. Alikuwa na shughuli zake, akamwacha mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akasema akirudi atamalizia kilichozidi. Hiyo nyumba ya wageni kwa Kigiriki ni pandocheion, mahali panapopokea wote, na ndiyo mara ya pekee neno hilo linatokea katika Agano Jipya. Mzigo ulianza kwa mtu mmoja ukagawanywa. Mungu hajakuomba umbebe Mzee peke yako hadi afe. Lakini kijana wa mkokoteni amembeba peke yake kwa wiki sita sasa, na kanisa linalojiita nyumba ya wote liko milango minne kutoka pale.

La tatu ni kuhusu ile barua ya spika. Warumi 13:10, Paulo anasema upendo haumfanyii plesion ubaya. Warumi 15:2, anasema kila mmoja wetu ampendeze plesion wake kwa wema, ili kumjenga. Mtu wa miaka themanini ambaye hakulala kesha tatu mfululizo kwa ajili ya besi ya spika zetu ana haki ya kuandika barua. Tena katika Warumi 13:8, mstari mmoja kabla ya kuitaja amri hiyo, Paulo anatumia neno jingine, heteros, mwingine, aliye tofauti nawe, na anasema ukimpenda huyo umeitimiza sheria. Aliyekuandikia barua ni heteros. Ndiye huyo huyo.

Na kwa wale mlioniuliza kama tutamhubiria Mzee wokovu: ndiyo, akitaka kusikia. Msamaria alianza na mafuta na divai. Hatuambiwi kama aliwahi kuuliza jina la yule mtu.

Sasa utaratibu. Nimezungumza na binti yake kwa simu, amekubali na ameshukuru, amelia. Kijana wa mkokoteni ndiye atakayetuongoza, kwa sababu ndiye anajua Mzee anageuzwaje bila kuumia bega. Mtafanya anavyosema. Yeyote atakayemsemesha vibaya atakuwa amenisemesha mimi. Akina mama msiende usiku mmoja mmoja, nendeni wawili, na mrudi kabla ya saa tatu. Zamu za usiku ni za wanaume.

Vinavyohitajika ni pampasi za watu wazima, unga wa uji, sabuni, shuka mbili za zamani lakini safi, na kama kuna aliye na godoro la wodi lile gumu, aniambie. Tusipeleke sukari, daktari amekataza.

Mchana vijana wa kwaya wamejipanga hadi Jumamosi. Usiku wa Jumatatu ni wangu pamoja na mzee wa kanisa wa Maringo. Jumanne ni fundi wetu wa viatu na kaka yake. Alhamisi na Ijumaa wamechukua ndugu wa Lumumba. Jumamosi na Jumapili kijana amesema atakaa yeye mwenyewe.

Usiku wa Jumatano bado hauna mtu.